Mjadala: Albamu ya 2009 ya Os Mutantes ilistahili kubeba jina hilo?

Mtoa mada
Haih Or Amortecedor ya Os Mutantes, bendi ya roki ya Brazil, ilitoka Septemba 2009 kupitia kampuni ya rekodi ya Anti- ya Marekani. Ndiyo albamu yao ya kwanza ya studio yenye nyimbo mpya tangu Tudo Foi Feito Pelo Sol ya 1974. Miaka 35 imepita hapo katikati. Kati ya watatu walioanzisha bendi São Paulo mwaka 1966, aliyebaki kwenye bendi ni Sérgio Dias tu. Mwimbaji Rita Lee hakutaka kurudi. Kaka yake Sérgio, Arnaldo Baptista, alipanda jukwaa la Barbican, London, Mei 2006, akajitoa 2007, na mwimbaji Zélia Duncan naye akaondoka. Mimi nasema jalada lilipaswa kuandikwa Sérgio Dias. Wenye hoja karibuni.

Mpenzi wa Kinanda
Mkuu, albamu uliyoitaja mwenyewe inakuangusha. Rita aliondoka 1972, Arnaldo 1973. Waliopiga ile ya 1974 ni Sérgio kwenye gitaa, Túlio Mourão kinanda, Antônio Pedro besi na Rui Motta drams. Ni mwanzilishi mmoja tu, na bado kila mpenzi wa roki ya progresivu (ile ya nyimbo ndefu na midundo inayobadilika) ya Brazil anaiita kazi ya Mutantes. Tena 2009 drams kapiga Dinho Leme, aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla ya Rui Motta. Ukihesabu vichwa vya zamani, 2009 inaizidi 1974!

Sikio
Kuhesabu vichwa hakutoshi. Utambulisho wao ulikuwa sauti tatu zilizokua pamoja: ya Rita juu, za ndugu wawili chini. Bia Mendes, mwimbaji wa albamu hii ya 2009, anaimba vizuri, ila nafasi ya Arnaldo haijazibwa. Wapo wanaosema albamu hii si yao kwa kuwa ina nyimbo za watunzi wa nje, kina Tom Zé na Jorge Ben; hoja hiyo siikubali. Jorge Ben huyo huyo aliwapa A Minha Menina kwenye albamu ya kwanza, 1968.

Mfuatilia Haki
Tutenganishe mambo. Sheria ya Brazil namba 9.279 ya 1996, kifungu cha 124, inakataza kusajili jina la kisanii, la mtu au la kundi, kama alama ya biashara bila ridhaa ya mwenyewe au warithi wake. Bendi inayorudi ianzie hapo: ridhaa ya maandishi kutoka kwa kila mwanachama wa zamani, ndipo maombi yapelekwe INPI, ofisi ya Brazil inayosajili alama za biashara. Usajili hudumu miaka 10, kisha unahuishwa.

Mirabaha nayo ina njia yake. Ile sehemu ya rekodi, ECAD (ofisi inayokusanya na kugawa mirabaha Brazil) huigawa asilimia 41.7 kwa mwimbaji au kundi, 41.7 kwa mwenye rekodi, 16.6 kwa wapigaji wanaomsindikiza mwimbaji. Jina la mpigaji lisipoingizwa wakati wa kusajili ISRC, yaani namba ya utambulisho ya rekodi ya wimbo, fedha yake hukwama, hata kama jalada limemtaja. Hapo ndipo wapigaji wapya wa bendi kongwe huumia, na ni dhuluma.

Fundi Mitambo
Mnasahau sauti yenyewe. Albamu nyingi za kurudiana huharibikia kwenye metronomu, kifaa kinachogonga mapigo ya kasi moja. Roki ya progresivu hupumua: kasi hupanda kidogo ikielekea kiitikio, hushuka ukiingia mdundo wa mapigo saba. Ukifunga wimbo mzima kwenye kasi moja, drams zinakuwa ngumu kama ubao. Rekodi kwanza drams, besi na gitaa la kuongoza kwa pamoja bila metronomu. Weka alama kila mwanzo wa kipimo, tengeneza ramani ya kasi kutokana na alama hizo, kisha ndipo uongeze vinanda na sauti.

Tatizo jingine ni umri wa koo. Wimbo hushushwa toni nzima, na gitaa likihamishia vidole kwingine linapoteza mlio wa nyuzi za wazi. Shusha nyuzi zenyewe, na badala ya seti ya unene wa 10 funga ya 11, maana nyembamba zikilegea hupiga kelele kwenye vizuizi vya shingo ya gitaa na kupoteza tuni.

Sikio
Fundi, nyuzi zinashushika. Sauti ya tatu je?

Fundi Mitambo
Kumrudufu mwimbaji mmoja hakusaidii, irabu zinafanana mno na mpangilio unakuwa bapa. Inahitajika koo nyingine, waimbe kwenye chumba kimoja wakiangaliana.

Mtoa mada
Kuhusu Dinho na ile ya 1974 nimekubali. Jina libaki, ila majina ya wapigaji wote yaandikwe mbele ya jalada, herufi zilingane.