Jirani aliziba mtaro, lakini anasema mvua ingeangusha ukuta hata hivyo: nani amesababisha hasara?

Mkazi wa Kigogo

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu katika jambo linalotusumbua mtaani tangu masika yalipokwisha. Jirani yetu anayejenga alimwaga kifusi katika mtaro wa maji ya mvua, mwenyekiti wa mtaa akamwonya, naye akaendelea. Mvua kubwa iliponyesha, Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam ulifurika na maji yakaingia katika nyumba nyingi za bondeni, zikiwamo zilizo mbali na mtaro huo. Kwetu, ukuta wa upande wa mtaro ulianguka.

Tulipokaa kusuluhishwa, jirani hakukana kosa. Alisema tu kwamba kwa mvua ile ukuta ungeanguka hata kama mtaro ungekuwa wazi, kwa hiyo kifusi chake hakikusababisha lolote. Binti yangu, anayesoma sosholojia chuoni, anasema kumsaka mtu mmoja ni kupoteza muda, kwa kuwa chanzo halisi ni ujenzi holela wa bondeni; anakumbusha kwamba baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Serikali yenyewe iliwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande. Kila mmoja ana hoja, lakini siwezi kukubali kwamba kila kitu kimechangia hasara yangu isipokuwa kitendo cha mtu aliyeonywa. Je, mwanasheria, mwanafalsafa na mtafiti wa jamii wanapotafuta chanzo cha tukio, wanatafuta kitu kimoja?

Wakili, Ilala

Pole sana, ndugu. Hoja ya jirani yako usiidharau, kwa maana ndiyo kipimo cha kwanza ambacho mahakama zetu, zilizorithi misingi ya sheria ya Uingereza, hutumia katika madai ya uzembe: mdai aonyeshe kwamba kama si kosa la mdaiwa, hasara isingetokea. Katika kesi ya Barnett ya huko Uingereza, miaka ya 1960, mlinzi wa usiku aliyekunywa chai yenye sumu ya aseniki alifika hospitali akitapika, na daktari wa zamu akaagiza arudi nyumbani bila kumpima. Mahakama ilisema wazi kwamba huo ulikuwa uzembe, lakini mjane hakupata fidia, kwa sababu ushahidi ulionyesha kuwa hata angelazwa, tiba isingewahi kumwokoa.

Kipimo cha pili ni kwamba hasara iwe ya aina ambayo mtu makini angeitarajia, kama ilivyoamuliwa mwaka 1961 katika kesi ya Wagon Mound, iliyohusu mafuta ya meli yaliyomwagika katika bandari ya Sydney. Hicho hakikupi shida, maana anayeziba mtaro anajua maji yatatafuta njia kwa jirani.

Niongeze kwamba sheria haidai chanzo kiwe kimoja. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu, ingawa kinahusu kifo na si kuta, kinamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata pale kitendo chake kisipokuwa sababu pekee wala ya karibu zaidi.

Mwalimu wa Falsafa

Kipimo alichokieleza Wakili kimo tayari katika maandishi ya mwanafalsafa David Hume ya mwaka 1748, na wanafalsafa wameukuta ufa wake. Chukueni mioto miwili inayotoka pande mbili, kila mmoja ukitosha peke yake kuteketeza nyumba. Ukiuliza kama nyumba ingepona bila moto wa kwanza, jibu ni hapana. Bila wa pili, hapana vilevile. Kipimo kinaiachilia mioto yote miwili, na nyumba inabaki imeungua bila chanzo, jambo ambalo haliwezi kuwa kweli. Mahakama Kuu ya jimbo la Minnesota, Marekani, ilikumbana na mioto iliyoungana namna hiyo mwaka 1920, ikaona inatosha kwamba moto wa mdaiwa ulikuwa mchango mkubwa katika uharibifu.

Hata hivyo, sidhani kwamba hili ndilo tatizo lako. Jirani amepita haraka mahali ambapo tulipaswa kusimama: anaposema ukuta ungeanguka hata hivyo, analinganisha nini na nini? Ukiuliza kwa nini bonde lilifurika, kifusi kina uzito mdogo. Ukiuliza kwa nini ukuta huu ulianguka na kuta nyingine zikasimama, mvua haijibu kitu, kwa sababu ilizinyeshea zote. Mabishano mengi juu ya chanzo yanadumu kwa kuwa kila upande una tukio lake akilini na haulitaji.

Hart na Honoré, wanafalsafa wa sheria, mwaka 1959 walitenganisha hali za kawaida na jambo linalovuruga ukawaida huo: hewa ya oksijeni ni lazima ili moto uwake, lakini hakuna anayeishtaki. Kwa hoja yao, masika ni hali na kifusi ni chanzo. Nakubaliana nao nusu tu, kwa sababu jambo lipi lihesabiwe kuwa la kawaida katika bonde linalofurika mara kwa mara ni hukumu yetu wenyewe, na hukumu hiyo inaweza kumwonea mnyonge.

Mtakwimu

Nianze na binti, kwa sababu yuko sahihi katika swali lake. Anauliza kwa nini kaya za bondeni, kwa ujumla, hupata hasara kubwa kuliko nyingine, na swali la namna hiyo hujibiwa kwa kulinganisha makundi. Mfano ninaoupenda ni wa daktari John Snow, aliyechunguza kipindupindu London mwaka 1854. Kampuni mbili za maji zilihudumia nyumba zilizochanganyikana katika mitaa ileile, moja ikichota sehemu ya Mto Thames yenye uchafu wa jiji na nyingine juu zaidi. Katika wiki saba za mwanzo, vifo vilikuwa 315 kwa kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza na 37 kwa za pili. Kwa kuwa wateja walikuwa majirani wa hali zinazofanana, ilikuwa vigumu kusingizia umaskini au hewa chafu.

Lakini tofauti ya makundi haimtaji aliyekufa kwa maji yale. Hata katika nyumba zenye maji safi zaidi wapo waliokufa. Kwa hiyo utafiti juu ya ujenzi holela haumsafishi jirani yako, kama vile hukumu dhidi yake isivyolirekebisha bonde. Kinachokufaa kutoka kwa Snow ni namna ya kulinganisha. Je, zipo nyumba zenye matofali ya aina yenu, kwenye usawa uleule wa ardhi, lakini mbali na mtaro?

Mkazi wa Kigogo

Zipo, za mstari wa nyuma. Maji ya mto yaliingia humo pia, ila yalitoka mvua ilipokatika, na kuta zimesimama. Kwetu yalituama siku kadhaa kwenye msingi kwa kukosa pa kupita.

Wakili, Ilala

Basi usidai mafuriko. Vyombo vilivyolowa siku ya kwanza viondoe katika madai, maana mto ungeviharibu hata mtaro ungekuwa wazi, na kuving'ang'ania kutampa jirani hoja yake bure. Dai ukuta, na ueleze kuwa uliangushwa na maji yaliyotuama. Katika madai hutakiwi kuondoa kila shaka. Inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa kuliko ya kwake. Mwombe mhandisi aandike kuhusu hali ya msingi, piga picha alama za maji kwenye kuta zenu na za mstari wa nyuma, na mwenyekiti aweke onyo lake kwa maandishi. Yafanyike yote kabla kifusi hakijazolewa.