Tanga tudai nini kwanza: SGR, au mabehewa ya abiria kwenye reli tuliyonayo?

Mleta mada, Chumbageni

Ndugu zangu wa Tanga, salaam.

Nalileta hili kwa uchungu. Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi kati ya Dar es Salaam na Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote. Kisha nikatazama inapopita: inatoka Ruvu, inafika Mnyusi, njia panda ya reli ya Tanga, inakata kushoto kwenda Korogwe. Tanga mjini haiingii. Mji ulikoanzia ujenzi wa reli ya kwanza ya Tanganyika, mwaka 1893, mwenye kutaka treni akapande basi kwanza mpaka Korogwe!

Tukiuliza tunaambiwa tusubiri SGR, ile reli mpya pana, ya Tanga, Arusha hadi Musoma. Mpango upo, zaidi ya kilomita 1,000, na siupingi hata kidogo. Ila nilianza kuusikia mwanangu yuko chekechea, leo ananyoa ndevu.

Ninachosema ni hiki: tudai mabehewa sasa, kwenye reli hii hii ya upana wa meta moja. Msiniambie ni nyembamba au ya mkoloni. Uswisi wanayo reli ya upana uleule kabisa, inapanda milima mikali kuliko Usambara, na abiria wanaipanda kila siku, kiangazi na theluji. Malaysia treni za umeme zinakwenda kilomita 140 kwa saa juu ya reli ya meta moja. Japani walijenga Shinkansen, treni zao za kasi, ya reli pana mwaka 1964, lakini Mjapani anayekwenda kazini asubuhi pale Tokyo mara nyingi bado yuko kwenye reli ya milimita 1,067, iliyozidi yetu kwa upana wa vidole vitatu tu.

Mama yangu ana miaka 78, magoti hayakunji. Kumpeleka Moshi kwa basi ni kumtesa. Hawezi kusimama, hawezi kujinyoosha, na chooni anasubiri dereva aamue. Kwenye treni mzee ananyanyuka, anatembea, analala. Hilo nalo mnaliita anasa?

Mchangiaji, Mikanjuni

Mkuu, pole kwa mama. Lakini treni ya Dar na Moshi inakesha njiani. Basi unaondoka stendi ya Kange asubuhi, jua halijazama umefika. Nani atapanda?

Kijana wa Pongwe

Kaka wa Chumbageni, Malaysia umeitaja nusu. Hawakupaka rangi reli ya zamani. Kutoka Kuala Lumpur kwenda Ipoh walijenga njia mbili, wakanyoosha kona, wakavuta nyaya za umeme, ndipo treni hizo zikaanza mwaka 2010. Kilichobaki cha zamani ni ule upana tu. Ukifanya kazi yote hiyo hapa, kwa nini usiweke ya milimita 1,435, upana wa SGR, moja kwa moja?

Na mfano uko nyumbani. Tangu 2024 SGR inakimbia Dar mpaka Dodoma, kilomita 160 kwa saa, na watu wamelihama basi kwa hiari yao. Hakuna aliyehubiriwa. Tukiomba kidogo tutapewa kidogo, halafu tutaambiwa Tanga wameshapata treni yao. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Mstaafu wa reli, Barabara ya Ishirini

Wanangu, niliingia reli mwaka 1971, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Abiria akitoka hapa Tanga alishuka Kahe, akabadili treni, akapita Taveta mpaka Voi, akaunganisha ya Mombasa au Nairobi. Kwa reli hii hii mnayoiona nyembamba. Jumuiya ilipovunjika 1977, karakana kubwa ilibaki Nairobi, mpaka ukafungwa. Kilichotuangusha hakikuwa upana. Ni vipuri. Kichwa cha treni kinaharibika, kinasogezwa pembeni, kinanyofolewa vifaa kumponya mwenzake, mwisho mmebaki na makopo.

Kijana wa Pongwe amesema kweli kuhusu kona. Hapa hamtafika 140, msidanganywe. Mkiwekewa kokoto za kutosha, mataruma mazima, yale yanayolala chini ya vyuma vya reli, na makalvati yaliyozibuliwa kabla ya masika, mtakwenda mwendo wa kawaida na mtafika. Maji yakizibwa yanakula tuta, na tuta likiliwa hata hiyo SGR inasimama.

Jambo moja mnalisahau wote. Mizigo ya bandari na saruji ikipita kwenye reli, njia itatunzwa tu, abiria wawepo wasiwepo. Gharama ya tuta analipa mzigo. Abiria anadaiwa mabehewa na watu wa kuyahudumia. Faida hataleta, hata huko Uswisi serikali inachangia treni za vijijini.

Mama wa Muheza

Shikamoo mzee wa reli. Umenikumbusha mbali.

Mimi nauza machungwa. Hiyo kasi mnayogombania sina haja nayo. Msimu ukifika, lori linakuja leo, kesho halionekani, dalali anajua huna pa kwenda, anakutajia bei anayoitaka. Nikijua treni ni Jumanne na Ijumaa, haidanganyi, nitachuma Jumatatu na Alhamisi. Basi.

Mchangiaji, Mikanjuni

Mama, hapo umenigusa. Lakini treni isiyodanganya ndiyo tuliyoikosa siku zote.

Mleta mada, Chumbageni

Shikamoo mzee, asante. Na wewe mdogo wangu wa Pongwe, kuhusu Malaysia nakubali, nilivutia kwangu.

Hofu yako ya kupewa kidogo naielewa. Lakini angalia Uingereza. Mwaka 1963, mwaka uleule sisi tulipofungua kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, wao walitoa ripoti ya kufunga maelfu ya maili za reli. Njia ya kusini mwa Edinburgh ilifungwa 1969, ikang'olewa. Watu walidai miaka na miaka, na ilipofunguliwa tena 2015, ilikuwa kipande tu cha ile ya awali. Reli isiyo na abiria haina wa kuisemea. Sisi stesheni yetu bado ipo katikati ya mji, hatua chache kutoka bandarini. Wenzetu Mombasa, SGR yao ilipofunguliwa 2017 iliishia Miritini, nje ya mji, abiria akawa anatafuta tena gari la kumfikisha. Ramani ya SGR yetu itakapochorwa, nataka wakute watu wanashuka na mizigo yao pale stesheni ya zamani. Asiyeonekana hapangiwi.

Nilianza na Moshi kwa sababu ya mama. Baada ya kumsikia mzee na mama wa Muheza, nalipunguza dai: mabehewa machache, Tanga, Muheza, Korogwe. Haizidi kilomita 100. Yawe na siku zake, na yafike Korogwe kabla ya treni ya Arusha, siyo baada yake. Behewa moja liwe la mizigo midogo, matenga ya machungwa yaingie.

Mzee wangu, kichwa kimoja kinatosha kwa safari hiyo, au tudai na cha akiba?