Tupeane uzoefu: kazi ya kwanza ya uhandisi, mbali na kwenu

Mwana Likoni

Wapendwa, hamjambo. Mpwa wangu, binti wa Kilifi, amehitimu uhandisi wa umeme na amepata kazi Kisumu. Anaripoti mwezi ujao na hana ndugu huko. Nawaomba mliohama kwenu kwa ajili ya kazi ya kwanza mmwandikie hapa. Mie naanza.

Nilitoka Likoni nikaajiriwa kwenye mtambo wa kusafisha maji ya ziwa, papo hapo Kisumu. Chuoni pampu tuliichora ubaoni. Kule nikakuta pampu na magugumaji. Upepo ukigeuka, magugu yanahama ziwani na kujaa kwenye chujio la mlango wa maji, pampu inakosa maji ya kutosha na inaanza kulia kama inayotafuna kokoto. Kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima, sote tukimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, aliyeusikia mlio huo kabla mshale wa geji haujatikisika. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya nyumba ya beringi, kasha linaloshika mhimili wa pampu: "Injinia, shika hapa. Sasa nenda kasome geji." Zamu nzima tulifanya hivyo, mkono kwanza, geji baadaye. Nikipita karibu na pampu hadi leo, mkono unakwenda wenyewe. Mpwa wangu, mtafute Jaduong' wako wiki ya kwanza, na umwamkie kabla ya kumwamkia bosi.

Mtu wa Garissa

Nilipangiwa Olkaria, kaunti ya Nakuru, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini. Baridi ya usiku nunua koti, basi. Kubwa ni gesi. Mvuke wa ardhini unatoka na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Ikizidi, pua inakufa ganzi, husikii harufu tena, na hapo ndipo inapoua. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama kwenye mashimo ya vichwa vya visima. Kila mtu huvaa kipimo kifuani. Kikilia hakuna kuulizana, unaondoka kuelekea upepo unakotoka. Gesi hiyo hiyo hula shaba: waya uliong'aa unageuka mweusi, ndiyo maana vyumba vya paneli za kuongozea mitambo husukumiwa hewa iliyochujwa. Kwetu Garissa adui wa paneli ni vumbi na joto. Nilianza upya kabisa.

Dada wa Lamu

Mie Kakamega, upande wa umeme. Msimu wa mvua radi hupiga karibu kila alasiri, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima athi za transfoma, yaani waya zinazopeleka umeme wa radi ardhini, kijiji hadi kijiji. Jambo la kuangalia kwa sisi wa pwani: vifaa vingi vya umeme vimekadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Kakamega iko juu ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, haizuii umeme kuruka wala haipozi vifaa vyema kama ya pwani. Soma kibati cha vipimo kilichobandikwa kwenye kifaa, usikariri hesabu za Mombasa.

La pili ni la mpwa kama mwanamke. Watu watakuuliza injinia yuko wapi, nawe umesimama na kofia ngumu kichwani. Iliniuma sana. Msimamizi wangu alikuwa akijibu, "Ndiye huyu, mwulizeni yeye," kisha ananyamaza mpaka niongee. Mungu ambariki yule baba.

Kijana wa Voi

Pesa! Aulize ofisi ya wafanyakazi orodha ya mishahara hufungwa tarehe ngapi. Mwajiri wangu wa kwanza alishaifunga nilipofika, nikangoja hadi mwisho wa mwezi uliofuata, na mwenye nyumba anataka kodi pamoja na amana.

Mtu wa Garissa

Na ajisajili mapema na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu. Sheria ya 2011 inadai uzoefu wa miaka isiyopungua 3 kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Aandike kazi zake kila wiki, msimamizi atie sahihi angali anazikumbuka.

Mwana Likoni

Ahsanteni mno, amesoma yote. Anauliza nyumba: Mamboleo au Nyalenda?

Dada wa Lamu

Ofisi ikiwa upande wa barabara ya Kakamega, Mamboleo. Nyalenda ni karibu na mjini lakini sehemu za chini hufurika, aende akaione mvua ikiwa imenyesha. Asitume pesa kabla hajaikanyaga nyumba.