Mtoto wa miezi 5 anatumia propranololi kwa uvimbe wa kope: je, madhara haya ni ya kawaida?

Mama_wa_Umoja: Hamjambo wapendwa. Mwanangu ana hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, kwenye kope la jicho la kushoto, ambayo ilianza kama doa la kuumwa na kiroboto alipokuwa na wiki tatu, ikavimba hadi kufikia punje ya zabibu. Daktari wa watoto alimwandikia propranololi ya maji mara mbili kwa siku, na kusema kweli uvimbe umesinyaa na wekundu umefifia. Shida ni kwamba miguu yake huwa baridi hata nikimvika soksi mbili, na usiku hushtukashtuka na kulia. Je, nimbadilishie dawa, nitumie matone ya timololi?

Mzee_wa_Buruburu: Hiyo si dawa ya presha niliyoandikiwa mimi? Mtoto wa miezi 5 presha ameitoa wapi, naye halipi kodi ya nyumba?

Binti_Kasarani: Wangu alikuwa nayo kisogoni, kubwa kama kifungo cha koti. Mama mkwe alishikilia kwamba nilitamani nyanya nikiwa mjamzito nikanyimwa, basi nikanunua kilo mbili nikazila mbele yake. Hatukutibu chochote, na leo yuko gredi ya kwanza, imebaki ngozi iliyolegea kidogo tu. Iache dada, itaisha yenyewe.

Nesi_Mstaafu: Ya kisogoni inaweza kusubiri, lakini ya kope ikiziba mboni, ubongo hauzoei kuona kwa jicho hilo, na baadaye hata uvimbe ukiisha uwezo wa kuona haurudi kwa urahisi. Nawe mzee wangu, faida hii iligunduliwa kwa bahati huko Bordeaux, Ufaransa, ikatangazwa mwaka 2008: mtoto alipewa propranololi kwa ajili ya moyo, na kesho yake uvimbe wake ulikuwa umeanza kulainika. Mama, miguu baridi na usingizi wa mang'amung'amu ni madhara yanayojulikana, na mara nyingi hayalazimu dawa kusimamishwa. Ila mtu haachi dawa inayomfaa mwanawe kwa sababu ya soksi. Unampa saa ngapi, na hunyonya wakati gani?

Mama_wa_Umoja: Saa 12 asubuhi kabla sijaondoka kwenda kazini, na saa 3 usiku. Usiku huwa amekwisha kulala tangu saa 1, kwa hiyo namtilia kwa sirinji kwenye kona ya shavu, naye humeza bila kuamka.

Nesi_Mstaafu: Kwa hiyo hulala na dawa bila maziwa hadi alfajiri. Tueleze kilichotokea, maana naona kuna jambo.

Mama_wa_Umoja: Alhamisi alitapika tangu mchana akakataa titi, nami nikampa dozi ya usiku kwa kuwa niliambiwa nisiruke. Saa 11 alfajiri nilimkuta jasho limelowesha hadi shuka, mkono mmoja unatetemeka, namwita haitiki. Nilimkamulia maziwa kwa kijiko, akafumbua macho baada ya kama robo saa. Dawa nimeisimamisha tangu Ijumaa, na mwenzangu kazini amenipa chupa ya timololi ambayo baba yake hutumia kwa presha ya macho. Msinihukumu; nani kati yenu angeendelea?

Mlezi_Mwema: Wazazi wa siku hizi mnakimbilia kazini, mtoto mnamwachia saa na sirinji. Zamani mtoto hakulala bila titi.

Nesi_Mstaafu: Mlezi, hayo tuyaweke kando. Mama, hiyo ilikuwa dalili ya sukari kushuka. Tumbo likiwa tupu ini hutoa sukari ya akiba, na dawa hii hulizuia. Tena huzuia moyo kwenda mbio, ambako ndiko kungekuonya, ingawa jasho haiwezi kulificha. Ndiyo sababu hutolewa wakati wa kunyonya au mara tu baada yake, dozi zikiachana kwa saa 9 au zaidi, na mtoto akitapika au akikataa kula dozi hiyo hurukwa. Matone hayo nayo ni ya jamii hiyohiyo, hupenya ngozi nyembamba ya kope, na chupa imekwisha kufunguliwa na mtu mwingine.

Jicho_la_Kipanga: Mimi siamini. Mtoto alizimia Alhamisi, na mama anaanza kwa kuuliza soksi? Kesho atatokea mtu wa mafuta ya mitishamba na namba ya kulipia.

Binti_Kasarani: Hata mimi nimeanza kushuku.

Mama_wa_Umoja: Nilianza na soksi kwa sababu soksi niliweza kuziandika bila kulia. Kijitabu cha kliniki kiko mapajani mwangu: kilo 7, miligramu 7 asubuhi, miligramu 7 usiku, na pembeni, kwa mwandiko ambao nimeusoma leo kwa mara ya kwanza, "pamoja na maziwa".

Jicho_la_Kipanga: Basi niwie radhi. Mpigie daktari sasa hivi.

Mama_wa_Umoja: Nimempigia. Amekasirika kwamba sikumpeleka siku ileile, na anataka kumwona kesho saa 2 asubuhi, kabla ya dozi yoyote, kwa kuwa huenda akaanza upya kwa kipimo cha chini. Matone nisiyaguse.

Mzee_wa_Buruburu: Nesi, na mimi je, ninywe yangu pamoja na maziwa?