Misuli imevimba na mkojo umebadilika rangi baada ya gym, niongeze virutubisho gani?

kijana_wa_mwanga:
Wakuu, shikamooni. Nipo Mwanga, Kigoma, miaka 26, kilo 70. Nilisimama mazoezi miezi 4, Jumamosi nikarudi. Jamaa akaniambia ukinywa virutubisho vya kreatini na BCAA misuli haiumii, basi siku hiyo hiyo nikapiga skwati seti 10, kila moja nashuka taratibu mpaka magoti yanatetemeka. Leo Jumatatu mapaja yamevimba, magumu kama ubao, chooni nachuchumaa kwa kushika ukuta. Jana usiku nikameza vidonge viwili vya maumivu, diklofenaki. Asubuhi mkojo umetoka kama chai ya rangi iliyokolea. Naambiwa niongeze glutamini na vitamini C na E. Ninunue ipi kwanza?

nesi_zamu_ya_usiku:
Mdogo wangu, usinunue chochote. Maumivu ya kawaida ya chuma hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 kisha yanashuka, na mkojo haubadiliki. Rangi hiyo ni dalili kwamba nyuzi za misuli zimeharibika, mioglobini, protini ya ndani ya misuli, imemwagika kwenye damu na figo ndizo zinazoichuja. Inaitwa rabdomiolisisi. Nenda hospitali ya Maweni leo, sasa hivi, usisubiri kupambazuke. Waombe wapime figo, madini ya potasiamu kwenye damu, na CK, kipimo cha kuharibika kwa misuli, kama kipo. Potasiamu ikipanda sana, moyo unaweza kusimama. Diklofenaki acha kabisa, inapunguza damu inayofika kwenye figo. Na usiwafiche kreatini: huweza kupandisha kidogo kreatinini, kipimo cha figo kwenye damu, hata figo zikiwa nzima, daktari asipojua atasoma vibaya.

mzee_wa_chuma_ujiji:
Msikilize dada, kisha uje tuongee. Mwanangu, kreatini gramu 3 hadi 5 kwa siku sina ugomvi nayo kwa mtu mwenye figo nzima, inaongeza nguvu kweli. Ila haimkingi mtu aliyekaa miezi 4 akarudi na seti 10. Kule kushuka taratibu ndiko kunakochana misuli kuliko kupanda. Hiyo BCAA ni amino asidi 3 tu, yaani vipande vya protini, na zote zimo kwenye dagaa wanaoanikwa pale Kibirizi. Kwa kilo zako, protini gramu 110 hivi kwa siku zinatosha: dagaa, mayai, maharage. Vitamini C na E za dozi kubwa ndizo sizitaki kabisa, zinaweza kuuzuia mwili kuyazoea mazoezi.

mama_wawili:
Kijana umeshaenda? Jibu tafadhali.

kijana_wa_mwanga:
Nimelazwa tangu jana jioni, samahani simu ilizima chaji. Nipo kwenye dripu ya tatu. Figo zimeguswa kidogo, potasiamu iko sawa. Mkojo wa leo umeanza kuwa wa njano. Asanteni sana, dada nesi Mungu akubariki, nilikuwa njiani kwenda dukani. Mzee, nikiruhusiwa naanzia wapi?

mzee_wa_chuma_ujiji:
Mpaka daktari aseme figo zimerudi. Kisha njoo Ujiji tuanze na chuma kitupu bila sahani, seti 2, na chupa ya maji mkononi.