Re: Masta ya fizikia Ujerumani, mwalimu naomba mwongozo

Mwalimu, Njombe:
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mi nafundisha fizikia na hesabu sekondari, digrii yangu ni ya sayansi na ualimu, GPA 3.8. Nataka kuomba masta ya fizikia Ujerumani muhula wa Oktoba. Kuna ajenti kaniambia nimpe milioni mbili atanimalizia kila kitu. Hii GPA inatosha kweli au naenda kuchoma hela?

Dada wa Leipzig:
Marahaba mdogo wangu. Hiyo milioni mbili kaa nayo. Uni-assist (ofisi inayopokea na kukagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo) ni yuro 75 chuo cha kwanza, 30 kila kinachoongezeka muhula huohuo, na vyuo vingine hata havipitii huko, unaomba kwenye potali yao wenyewe.

GPA isikunyime usingizi. Chukua 5 (GPA ya juu kabisa kwetu) toa 3.8, unapata 1.2, gawa kwa 3 (yaani 5 toa ile 2 ya kufaulu), zidisha 3, jumlisha 1, inakuja 2.2, na kwao namba ndogo ndo nzuri. Vyuo vingi tu mstari wao uko 2.5.

Kinachotumaliza sisi wa ualimu ni kingine, wanahesabu fizikia uliyosoma. Wanatafuta mekanika, sumakuumeme, kwanta, thamodainamiki na maabara, afu wakifungua transkripti yetu wanakuta saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, TP (mazoezi ya kufundisha). Mi mwaka wa kwanza niliomba vyuo vinne vyote vikanitema, kimoja kikaandika kabisa kwamba fizikia yangu ya nadharia haitoshi. Na kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe, kwenye ile safu ya ECTS (kredit za vyuo vya Ulaya) nilijaza kredit za Tanzania kama zilivyo! Kwetu mwaka mzima ni kredit 120 kwao ni 60, kwa hiyo kwanta yangu ya kredit 12 kwao ni kama 6 tu, we fikiria anayekagua alinionaje.

Mwaka uliofuata nikakaa chini na madaftari ya chuo, kila kozi nikaiandikia nusu ukurasa, mada zake, saa za lekcha, saa za maabara, kitabu tulichotumia. Kwenye kwanta sikuandika "kwanta ya kwanza" nikaishia hapo, niliandika mlinganyo wa Schrödinger, osileta, atomu ya haidrojeni, spini. Nikamtumia mkuu wa idara, akakaa nazo wiki tatu (nilipiga simu mpaka katibu wake akawa ananijua sauti), zikarudi na mhuri. Nikaomba vitatu nikapata viwili, hiki nilichokuja wakanipa sharti nirudie sumakuumeme na watoto wa digrii ya kwanza. Nikarudia, tena nilikuwa naihitaji.

Mzee wa Hamburg:
Dada kasema yote ila hela hajaigusa. Viza watakudai akaunti iliyofungwa, yaani hela ya kujikimu unaiweka benki kabla, yuro 11,904 ya mwaka, ukifika unatoa 992 tu kwa mwezi. Hapo ndo wengi wanakwama, ada haina shida maana vyuo vingi vya serikali havitozi, isipokuwa Baden-Württemberg (Heidelberg, Freiburg, Stuttgart) wanatutoza 1,500 kila muhula. Na kabla hujauza shamba la baba angalia Kigali, kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa fizikia, ni tawi la ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia) ya Trieste, Italia, lililo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, masta ya fizikia ya miaka miwili na wapo wanaopata ufadhili. Hapo ni basi tu mwanangu.

Mwalimu, Njombe:
Asanteni sana dada na mzee wangu. Nimetoa transkripti sasa hivi, kwanta ipo moja, kredit 8, kwa hiyo ni 4 za huko, duh. Bahati nzuri mkuu wa idara ndo aliyenifundisha hiyohiyo kwanta, leo naanza kuandika. Kigali naomba pia. Ajenti nimemwambia nimesafiri.