Wazazi wa Darasa la Tatu: ajenda ya Jumamosi

Baba Juma: Habari za jioni wazazi wenzangu. Ajenda yangu ya Jumamosi ni moja. Jana nimempa Juma hadithi ya mistari minne, imemshinda. Darasa la tatu huyo! Naomba mwalimu wa darasa ajieleze mbele ya kikao. Akishindwa tumwandikie mwalimu mkuu, aletwe mwingine.

Mama Asha: Nzuri Baba Juma, poleni. Asha naye herufi anazijua, kuziunganisha ndiyo kazi. Ila mwalimu mwenyewe yumo humu kundini.

Baba Juma: Najua yumo. Sitaki kumsema pembeni.

Mama Upendo: Shikamoo mwalimu 🙏 Tunaomba utusaidie kuelewa.

Mwalimu Rehema: Marahaba Mama Upendo. Baba Juma, sijachukia, na nimefurahi umekaa na mtoto ukamsikiliza akisoma. Darasa langu lina watoto 84. Kipindi ni dakika 30. Nikimsikiliza kila mmoja kwa nusu dakika tu, kipindi kinaisha na wengine hawajafungua mdomo. Halafu humo humo kuna wanaosoma aya nzima, kuna wanaoishia kwenye neno moja moja, na kuna ambao herufi bado. Muhtasari unanidai mada za darasa la tatu, kwa hiyo wale wa herufi kila siku wanaachwa mbali zaidi. Nawaona, na inaniuma.

Baba Juma: 84??

Mwalimu Rehema: Ndiyo baba. Na madaftari yote nasahihishia nyumbani.

Shangazi Zuhura: Nipo kazini, nikitoka nakuja. Hilo la kuletwa mwalimu mwingine nina neno nalo.

Babu Salehe: Tunakusubiri. Mimi nimefundisha mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo sikumbuki mzazi aliyekuja kukaa darasani aone. Walikuja siku ya matokeo.

Shangazi Zuhura: Nimefika. Baba Juma, huyo mwingine atatoka wapi? UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wanakadiria dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 wa msingi na sekondari kufikia 2030, na zaidi ya nusu yao ni wa kuziba nafasi za wanaoondoka. Tuliye naye anayejua mtoto gani yuko wapi, tumshike.

Pili, vikao. Jambo hili limewahi kupimwa India, jimbo la Uttar Pradesh, utafiti wake ukachapishwa 2010. Baadhi ya vijiji viliitishiwa mikutano, wazazi wakaelezwa haki zao na kazi za kamati ya shule. Vingine vikaongezewa na kufundishwa kuwapima watoto wao kusoma. Kote huko shuleni hakikubadilika kitu. Kundi la tatu la vijiji, vijana wa kujitolea walipewa mafunzo mafupi, wakaanza kuwakusanya watoto baada ya masomo na kuwafundisha kusoma. Huko ndiko watoto waliohudhuria walikosogea, na walisogea sana. Wazazi wa pande zote walikuwa na uchungu ule ule. Tofauti ni kwamba hawa walipewa kazi ya kushika mkononi.

Baba Juma: Kwa hiyo tusidai chochote? Hapo siafiki.

Shangazi Zuhura: Tudai, lakini tunakopaswa kudai. Uganda kati ya 1991 na 1995, katika ruzuku ambayo serikali ilitenga kwa shule za msingi, wastani wa asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Mwalimu Rehema hawezi kuidai ruzuku peke yake, atasumbuliwa. Wazazi wengi tukiuliza, nani atamsumbua nani?

Mama Asha: Basi Jumamosi tuiombe kamati ibandike kwenye ubao wa matangazo: kimeingia nini, kimetumika wapi.

Baba Juma: Kamati yenyewe ni akina nani?

Mama Asha: Mimi nawafahamu wawili tu.

Baba Juma: Andika hiyo ajenda ya kwanza. Majina ya kamati.

Mwalimu Rehema: Shangazi, nina wasiwasi kidogo. Watoto wakibaki baada ya masomo, wanaohitaji zaidi ndio watakaotoroka.

Shangazi Zuhura: Umeona mbali. Hata kule Uttar Pradesh waliohudhuria walikuwa wachache. Ndiyo maana baadaye, huko huko India, jimbo la Haryana, mwaka 2012–13, kazi hiyo ya kufundisha kusoma waliiingiza ndani ya ratiba: saa moja ya ziada, watoto wanapangwa kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa, na wanaofundisha ni walimu wale wale wa serikali. Juu yao kulikuwa na wasimamizi waliokuwa wakija darasani kuwasaidia. Kusoma kukapanda. Jimbo jingine, Bihar, walimu walipopewa semina na vitabu kisha wakaachwa, hapakuwa na badiliko.

Babu Salehe: Hapo kwenye kuachwa ndipo penyewe! Mwalimu anakaguliwa, anapewa alama, mkaguzi anaondoka. Wajapani wana utaratibu mzuri: walimu wanaandaa somo pamoja, mmoja anafundisha, wenzake wanakaa darasani kuwatazama watoto, wapi wanaelewa, wapi wanapotea. Kisha wanalijadili somo, si kumjadili mwenzao. Mwalimu, ukikubali, mimi nitakuja kutazama watoto na tutaandaa wote.

Mwalimu Rehema: Babu, nakubali kwa mikono miwili. Tangu nianze kazi hakuna aliyeniambia tuandae wote.

Mwalimu Rehema: Nitaongea na mwalimu mkuu, asubuhi atupe muda wa saa nzima, mara tatu kwa wiki. Nahitaji watu wazima watano. Ninyi mtasikiliza watoto wakisoma, kufundisha kubaki kwangu. Masharti yangu: milango wazi, kila kundi watu wazima wawili, na hakuna fimbo.

Baba Juma: Hata ukali kidogo?

Mwalimu Rehema: Mtoto aliyeogopa hasomi, baba.

Mama Upendo: Mimi ningependa, ila kusoma kwangu kwa shida. Huu ujumbe kaniandikia mwanangu.

Mwalimu Rehema: Mama Upendo, wewe nakutaka kabisa. Wasiokuja shule nani atawafuata majumbani kama si wewe unayejua kila mlango? Na nikishawasomea hadithi, wakusimulie wewe kwa maneno yao. Anayeweza kuisimulia ameielewa.

Mama Upendo: Hilo naliweza. Nipe majina kesho.

Mama Asha: Michango ipo? Nauliza mapema, wengine hukaa mbali wakisikia neno hilo.

Babu Salehe: Hakuna. Kadi za herufi tutakata kwenye maboksi.

Mama Asha: Basi ajenda: majina ya kamati, ruzuku ubaoni, saa ya kusoma. Ile ya kumwita mwalimu ajieleze, Baba Juma?

Baba Juma: Itoe. Mwalimu, naingia zamu mchana, asubuhi nina nafasi. Niweke kundi la herufi.

Mwalimu Rehema: Asante sana baba. Juma yuko kundi la maneno.

Baba Juma: Vizuri, huko huko abaki. Kwangu atadeka.